Wiki moja kwa miguu katika mabonde ya sleti ya Wales: naomba ushauri juu ya mpango wetu

Mtembezi Mpya aliandika:

Ndugu zangu, salamu. Mimi na shemeji yangu tumekusudia kutembea Njia ya Sleti ya Snowdonia, kaskazini-magharibi mwa Wales, mwezi Juni ujao, na ningeshukuru kama wenye uzoefu wangeupitia mpango wetu kabla hatujaanza kulipia vyumba. Kwa wasioifahamu, ni njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 134, iliyofunguliwa mwaka 2017. Huanzia kwenye bandari ndogo ya Porth Penrhyn karibu na mji wa Bangor, kisha huzunguka milima ya Eryri (ndilo jina la Kiwelshi la Snowdonia) ikipitia vijiji vilivyozaliwa na machimbo ya sleti, lile jiwe la kijivu lenye kivuli cha samawati au zambarau ambalo hupasuliwa kuwa vigae vyembamba vya kuezekea nyumba. Vituo vyake vikubwa ni Bethesda, Llanberis, Waunfawr, Nantlle, Rhyd Ddu, Beddgelert, Croesor, Tanygrisiau, Llan Ffestiniog, Penmachno, Betws-y-Coed na Capel Curig, na mwisho ni Bethesda tena.

Shemeji amefanya kazi ya ufundi mitambo kwa miaka mingi, na kinachomvuta ni reli nyembamba, injini na magurudumu ya maji. Mimi nafuata milima. Njia hii ilionekana kutupatanisha, hasa baada ya kusoma kwamba mandhari ya sleti ya eneo hilo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021.

Hesabu niliyoifanya ni rahisi: kilomita 134 kugawanywa kwa siku saba ni kama kilomita 19 kwa siku, na sisi tumezoea kutembea kilomita 20 bila taabu. Nilifikiri tuanzie Porth Penrhyn, tutembee kinyume cha mwendo wa saa, na siku tutakayofika Llanberis tupande pia Yr Wyddfa, mlima wenye mita 1,085 ambao ndio mrefu kuliko yote Wales. Shemeji naye anauliza kama mtu anaweza kuingia mwenyewe katika migodi iliyoachwa, maana amesikia kwamba mingine haina mlango. La mwisho ni malazi: tubebe hema, au tulale vijijini?

---

Mzee wa Dira alijibu:

Ndugu Mtembezi, mwelekeo mliouchagua ni mzuri, lakini hesabu ya kugawanya kwa saba itawatesa. Vijiji havikujengwa kwa kufuata hatua za watembeaji, vilijengwa mahali jiwe lilipokuwa. Mtalazimika kulala penye kitanda, na vitanda vimekaa kwa umbali usiolingana. Sehemu ya kutoka Llan Ffestiniog kwenda Penmachno, kwa mfano, ni ndefu na haina mahali pa kukatia katikati isipokuwa nyanda za juu zenye upepo na magofu. Kwa upande mwingine, Bethesda hadi Llanberis ni mwendo wa asubuhi tu kwa mtu mwenye miguu yenu, na hata hivyo ndipo ninapowasihi msitembee zaidi siku hiyo, kwa sababu nitakazozieleza.

Jambo la kwanza la kuliona kwenye ramani ni kwamba mzunguko huu una mkia. Mduara wenyewe unafungwa Bethesda. Kipande cha kutoka Porth Penrhyn hadi hapo kinapitiwa mara moja tu, na kinafuata kwa karibu njia ya reli iliyofunguliwa mwaka 1801 ili kushusha sleti baharini kwa farasi. Ni kipande kizuri chenye kivuli cha miti, lakini ndicho cha kwanza kutolewa dhabihu. Pandeni basi kutoka Bangor hadi Bethesda, anzeni mduara hapo, na mkibakiwa na nguvu mwishoni mshuke mkia kwa miguu kuelekea baharini, yaani upande ule ule ambao sleti ilishukia. Kwangu mimi huo ndio mwelekeo wenye maana.

Jambo la pili ndilo litakalomfurahisha shemeji yako. Mkitembea kinyume cha mwendo wa saa mtaona njia tatu za kuchimba jiwe lile lile, na kilichoamua njia ipi itumike ni namna tabaka la sleti lilivyolala ardhini. Kwenye machimbo ya Penrhyn na Dinorwig, siku ya kwanza, walikata mlima kwa ngazi kubwa, moja juu ya nyingine, hadi ubavu mzima ukawa kama jukwaa la majitu. Bonde la Nantlle tabaka limesimama karibu wima, kwa hiyo wachimbaji hawakuwa na budi kushuka moja kwa moja, wakatoboa mashimo yenye kina kirefu chini ya usawa wa maji ya bonde, na kuanzia hapo uhai wa machimbo ukategemea pampu. Ndiyo maana Dorothea, machimbo makubwa ya bonde hilo, ilinunua injini kubwa ya mvuke ya kusukuma maji kutoka Cornwall katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na nyumba ya injini hiyo bado imesimama. Machimbo yalifungwa mwaka 1970, maji yakarudi, na leo kuna ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 100. Ffestiniog tabaka limeinama kwa mshazari na kuzama mlimani, hivyo huko waliingia ndani wakalifuata, wakachonga kumbi kubwa gizani na kuacha kuta za jiwe kati yake zishikilie dari. Mtu anayeruka kituo kimoja kati ya hivyo vitatu amesoma kitabu kilichonyofolewa kurasa.

Kwa hiyo pangeni siku kwa kufuata mambo hayo, si kwa kilomita. Siku ya kwanza mwende Bethesda hadi Llanberis, mfike mchana, jioni yote iwe ya Dinorwig. Ya pili mpite Waunfawr mpaka Nantlle. Ya tatu mwende Rhyd Ddu na Beddgelert, siku nyepesi. Ya nne mvuke Croesor hadi Tanygrisiau, ambayo kwa maoni yangu ndiyo siku bora kuliko zote: mnapanda kutoka kijiji cha Croesor hadi magofu ya machimbo ya Rhosydd, katikati ya milima ya Cnicht na Moelwyn Mawr, kisha mnateremka bonde la machimbo la Cwmorthin, kando ya ziwa, mkipita kanisa lisilo na paa na safu ya nyumba ambazo ndani yake sasa wanajikinga kondoo. Ya tano iwe fupi hadi Llan Ffestiniog, ili asubuhi mwingie chini ya ardhi kwa njia halali katika mji jirani wa Blaenau Ffestiniog. Ya sita ni ile ndefu ya Penmachno. Ya saba mpite Betws-y-Coed mpaka Capel Curig. Mkihesabu mtaona kwamba bado kuna kipande cha kurudi Bethesda, ambacho ni siku ya nane. Ama mwongeze siku, ama mpande basi linalopita bonde la Ogwen kuelekea Bangor. Mimi ningepanda basi.

Kuhusu Yr Wyddfa, iacheni. Kupanda na kushuka kutoka Llanberis kunakula siku nzima, na kileleni mtakuta umati uliopandishwa na treni iliyokuwapo tangu mwaka 1896. Safari yenu ni ya mabonde.

---

Bi Kumbukumbu alijibu:

Nakubaliana na Mzee wa Dira karibu katika kila neno, ila nitaongeza upande wa watu, kwa sababu mtu anaweza kutembea wiki nzima akistaajabia mitambo bila kujua ilimgharimu nani.

Anzeni Bethesda kwa kusimama kidogo barabarani. Tarehe 22 Novemba 1900 wachimbaji wapatao 2,800 wa Penrhyn waliacha kazi wakidai haki ya chama chao kutambuliwa, na mgomo huo uliendelea hadi mwaka 1903. Baadhi walirudi kazini mapema, na familia zilizobaki katika mgomo zikaweka dirishani karatasi zilizoandikwa kwa Kiwelshi maneno ya kusema kwamba ndani ya nyumba hii hamna msaliti. Jamaa waliosali kanisa moja waliacha kusalimiana. Mwenye machimbo, Lord Penrhyn, hakulegeza, na wengi walihama kwenda kwenye migodi ya makaa ya kusini wasirudi tena. Ikumbukwe pia fedha zilizoyapanua machimbo hayo katika karne ya 18 zilitoka wapi: Richard Pennant, aliyejenga barabara na bandari ya sleti, alimiliki mashamba ya miwa Jamaica yaliyolimwa na watumwa. Ukiwa Porth Penrhyn unatazama mawimbi, hesabu hiyo nayo imo.

Dinorwig ilifungwa mwaka 1969 baada ya kuwahi kuajiri zaidi ya watu 3,000. Karakana zake za mwaka 1870, zenye gurudumu la maji la kipenyo cha zaidi ya mita 15, ziligeuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Sleti. Tahadhari hapa: makumbusho hayo yalifungwa Novemba 2024 kwa ajili ya ukarabati mkubwa, kwa hiyo hakikisheni tarehe ya kufunguliwa kabla shemeji hajaanza kuota gurudumu. Hata yakiwa yamefungwa, jioni haitapotea. Zipo njia zenye alama zinazopanda kati ya ngazi za machimbo, ipo miteremko ya reli ambako mabehewa yaliyojaa yaliposhuka yalivuta matupu kupanda, na yapo mabweni ya vibarua waliotoka kisiwa cha Anglesey Jumatatu alfajiri na kurudi kwao Jumamosi. Mabweni hayo yalitumika hadi mwaka 1948, na ukiingia chumba kimoja ukapima kwa hatua zako utaelewa kwa nini yalipigwa marufuku. Ipo pia hospitali ya machimbo. Vumbi la sleti liliwaua wachimbaji kwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, kwa vizazi kadhaa, huku madaktari wa machimbo wakidai kwamba vumbi halina madhara na kwamba kosa ni la chai iliyochemshwa mno. Sheria ya kuwafidia ilikuja mwaka 1979, machimbo mengi yakiwa yamekwisha kufungwa. Na ng'ambo ya ziwa, ndani kabisa ya mlima Elidir Fawr, kuna kituo cha umeme kilichofunguliwa mwaka 1984, ambacho usiku hupandisha maji kwenye bwawa la juu na kuyaachia wakati nchi inapohitaji umeme ghafla. Kwa fundi mitambo nadhani hilo si jambo la pembeni.

Sasa swali la kuingia migodini. Jibu ni hapana, na nisingependa liachwe nusunusu. Cwmorthin na Rhosydd zina milango iliyo wazi au inayoelekea kuwa wazi, na ndani kuna kumbi ambazo nguzo zake zilipunguzwa na wachimbaji wenyewe katika miaka ya tamaa, sakafu za mbao zilizooza juu ya mashimo, na maji yanayofunika kina usichokiona. Rhosydd yenyewe iliangukiwa na sehemu kubwa ya kumbi zake mwaka 1900. Dorothea imeshaua wapiga mbizi. Hata juu ya ardhi, msipande vifusi: kila tani moja ya sleti iliyouzwa iliacha nyuma takriban tani kumi za taka, na rundo ambalo limetulia kwa miaka mia linaweza kuteleza kwa uzito wa mtu mmoja mwenye mzigo mgongoni. Mimi mwenyewe nilikata njia kupitia rundo moja ili kuokoa dakika kumi. Nilikwama humo saa nzima, nikashuka kwa makalio, na suruali haikutengenezeka.

Ziara ya kuongozwa ya chini ya ardhi huko Blaenau inatosha kabisa. Ombeni mwelezwe namna mchimbaji alivyojifunga mnyororo pajani ili aning'inie kwenye mwamba huku akitoboa tundu la baruti kwa mwanga wa mshumaa. Mshumaa na baruti alivinunua kwa pesa yake. Halafu walio juu walipasua sleti kwa saizi zilizopewa majina ya wake wa makabaila, kutoka bibi wa kawaida hadi mke wa mwana mfalme. Naona kuna mtu aliyekuwa na mzaha mkali.

---

Koti la Mvua alijibu:

Naomba nipingane na Mzee wa Dira katika jambo moja. Kipande cha Capel Curig hadi Bethesda si cha kupitia dirisha la basi. Bonde la Nant Ffrancon lilichongwa na barafu likawa na kuta wima na sakafu tambarare, na kwa sehemu kubwa unatembea kwenye njia ya zamani mbali na magari. Mnapita chini ya mlima Tryfan na mbele ya Cwm Idwal, hifadhi ya asili tangu mwaka 1954, kisha mwishoni mwa bonde mnaona vifusi vya Penrhyn vikijitokeza, vile vile mlivyoviacha wiki iliyopita. Kama kuna siku ya kupunguza, ningepunguza Penmachno hadi Betws-y-Coed, ambako sehemu kubwa ni misitu iliyopandwa.

Kuhusu mvua sina utani. Milima hii ndiyo ya kwanza kupokea mawingu ya Atlantiki, na ukingo wa Crib Goch, ulio karibu na njia yenu, hupata wastani wa zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Juni ni chaguo jema kwa sababu mwanga unadumu karibu saa 17, lakini sleti iliyolowa huteleza kama sabuni, na ngazi nyingi za njia hii ni za sleti. Viatu vyenye soli laini iliyokwisha kulika ni hatari kuliko ukosefu wa nguvu. Bebeni ramani za karatasi za 1:25,000 za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba OL17 na OL18, pamoja na dira, kwa kuwa alama za njia ni nzuri vijijini lakini juu ya Rhosydd na kati ya Llan Ffestiniog na Penmachno ukungu ukishuka njia za reli za zamani zinaachana kila upande, zote zikionekana kuwa ndiyo yenyewe. Simu hukosa mtandao mabondeni.

Hema halina faida kubwa hapa. Sheria ya mwaka 2000 inawaruhusu kutembea katika nyika zilizoainishwa kwenye ramani, lakini kulala nje bila ruhusa ya mwenye ardhi hakumo ndani ya haki hiyo. Laleni vijijini, na mlipie mapema Croesor, Nantlle na Penmachno, ambako vitanda vinahesabika. Mageti ya kondoo myaache kama mlivyoyakuta.

Neno moja kuhusu Kiwelshi, kwa sababu ramani yote imeandikwa kwa lugha hiyo na sisi Waswahili tunaiweza kuliko wengi. Dd yao ni dh ya "dhahabu", ch yao ni kh ya "kheri", f moja husomwa v, na w mara nyingi ni u yetu. Cwm ni bonde, bwlch ni mahali pa kuvukia kati ya vilele, llyn ni ziwa, chwarel ni machimbo. Ukijua hayo manne unaisoma ardhi kabla ya kuifikia.

---

Mtembezi Mpya alijibu:

Nawashukuru sana nyote. Tumekaa na shemeji jana usiku na ramani mezani, na mpango umebadilika karibu wote.

Yr Wyddfa imefutwa, na mimi ndiye niliyeifuta. Tutaanzia Bethesda kwa basi kama alivyoshauri Mzee wa Dira, tutafika Llanberis mchana, na siku nne za kwanza zitakuwa kama alivyozipanga. Siku ya tano tutaingia chini ya ardhi Blaenau kwa ziara ya kuongozwa. Shemeji ameridhika, ingawa ameomba pia tusubiri kuona treni ya Ffestiniog ikipita Tanygrisiau, baada ya kusoma kwamba reli hiyo ilipofunguliwa mwaka 1836 mabehewa ya sleti yalishuka yenyewe kwa mteremko hadi Porthmadog huku farasi wakisafiri ndani ya behewa lao, ili wawe na nguvu ya kuvuta matupu kurudi. Siku ya sita haina mjadala. Siku ya saba tutatoka Penmachno kwa gari la kukodi hadi Betws-y-Coed asubuhi na mapema, tutembee hadi Capel Curig, tulale huko, na siku ya nane tutashuka Nant Ffrancon kwa miguu. Nimeomba siku moja ya ziada ya likizo, na nimekubaliwa.

Swali moja limebaki: katika ile siku ndefu ya Llan Ffestiniog hadi Penmachno, kuna chochote cha kumfanya shemeji asilalamike?

---

Bi Kumbukumbu alijibu:

Kipo. Mkitoka Llan Ffestiniog mtapanda Cwm Teigl kuelekea machimbo ya Manod, na ndani ya mlima huo ndimo picha za Jumba la Taifa la Sanaa la London zilimofichwa kuanzia mwaka 1941 ili zisiteketezwe na mabomu ya Ujerumani. Walijenga nyumba za matofali ndani ya kumbi za sleti, wakazipasha joto la kiasi kisichobadilika, na wahifadhi wakajifunza huko kwamba picha huishi vizuri zaidi katika hewa tulivu ya aina hiyo. Picha kubwa ya mchoraji Van Dyck ya mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi haikuweza kupita chini ya daraja la reli lililokuwa njiani, hivyo barabara ilichimbwa ikashushwa ili ipite. Hamtaingia ndani, lakini barabara mtaiona. Baada ya hapo mnafika Rhiwbach, kijiji cha machimbo kilichokuwa na shule yake huko juu peke yake, kisha mnaanza kushuka Cwm Penmachno. Kuleni chakula cha mchana Rhiwbach, nyuma ya ukuta, mkiupa upepo mgongo.

---

Mzee wa Dira alijibu:

Nimeshindwa kuhusu basi, na nakubali. Ila jazeni chupa za maji kabla ya kuondoka Llan Ffestiniog, na msichote kwenye mifereji inayotoka migodini hata ikionekana safi.